Maziwa Niliyoyaficha Mudomoni

Nilikuwa bado mutoto wa kung'oka meno siku baisikeli ya katekista ilipozama ziwani. Ilikuwa kwetu, pembeni ya Katana, pale mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi ilikuwa inafikia asubuhi na ndizi na mananasi. Katekista alikuwa anatoka kufundisha watu wa kisiwa, na baisikeli yake aliilaza juu ya mutumbwi kama mugonjwa, akaifunika na koti ili jua lisiunguze mipira. Walipokaribia kabisa, mwanamuke mumoja akasimama kwa sababu ameona dada yake pale pwani. Mutumbwi ukalala upande. Ziwa letu liko hivi: hatua tatu maji ya magoti, hatua ya nne hakuna chini. Watu walisimama kwenye zile hatua tatu wakicheka na nguo zimewashika mwilini, baisikeli yenyewe ikachukua hatua ya nne.

Vijana walipiga mbizi siku tatu. Walipata koti, walipata kiatu kimoja ambacho hakikuwa cha mutu yeyote pale, lakini baisikeli hapana. Katekista alikamua suruali yake, akasema, "Basi, sasa nitajua majina ya watu wa njiani." Na ni kweli. Tangu siku ile alitembea na miguu, na mutu wa kutembea na miguu anachoka, na akichoka anaketi kwa watu. Kwetu aliketi karibu kila juma. Mama alimupa viazi vitamu, na yeye alinifundisha kusoma kwa kukamata kidole changu na kukipitisha juu ya herufi za kitabu cha sala. Shule yangu ni ile, haikuzidi. Na nilipokuwa musichana mukubwa, ni yeye aliyemwambia baba kwamba kuna watu fulani wa milima ya Kabare, watu wa ng'ombe, hawana ugomvi, mutoto wao Petro ni fundi masoni Bukavu, anajenga nyumba za Wazungu, anatafuta muke. Naeleza hii yote kwa sababu watu wananiuliza musichana wa samaki aliingiaje kwa watu wa maziwa. Niliingia hivyo. Siku ile niliogopa kitu kimoja tu, kamyo iliyonichukua, maana nilidhani itaanguka kwenye kila kona.

Sasa nyinyi wasichana mnaoanza nyumba, na wewe uliye na mimba ya kwanza na bado unaificha, munivumilie, mimi nikisema napotea njiani. Lakini hii nataka ifike. Niliugua ugonjwa ambao kwetu haukuwa na jina, na uliingia kwangu kwa mulango wa heshima.

Ilikuwa miaka ya Wabeleji, ile ya mwisho mwisho, ijapokuwa sisi hatukujua kama ni ya mwisho. Muji ulikuwa umerudishiwa jina lake la Bukavu, jina ambalo wazee wengi hawakuwa wameacha kulitumia hata wakati wa lile la Kizungu. Wazungu walikaa chini, kwenye zile ndimi za nchi zinazoingia ziwani, na maua mbele ya nyumba. Sisi tulikaa Kadutu, nyumba ya matofali vyumba viwili, choo cha pamoja, bomba la maji kwenye kona. Petro alitoka asubuhi na mwiko wake wa kujengea, akarudi jioni na simenti ndani ya nywele. Nilimupenda haraka. Nasema wazi kwa sababu wakati ule hatukusema.

Ng'ombe hawakuruhusiwa Kadutu. Ng'ombe wa nyumba yetu alikaa mulimani kwa baba ya Petro. Jina la baba mukwe mimi sikuruhusiwa kulitaja, na hata leo nikiandika mukono unasita, kwa hiyo nitamwita Papa tu. Kwa desturi ya kwao, baba akimuoza kijana wake, anamutengea bibi-arusi ng'ombe mumoja, na maziwa ya ng'ombe yule ni yake mupaka azae. Wetu alikuwa jike mwekundu mwenye pembe moja fupi, wakamuita Kahembe. Kila asubuhi Papa alimukamua mwenyewe, akajaza kibuyu kilichofukizwa na majani, akashuka mulima mupaka Kadutu. Ni mwendo mukubwa kwa mutu mwenye mvi. Alifika, akagonga fimbo mara mbili kwenye ukuta, akaketi, akaniangalia nikipokea kibuyu na mikono miwili na kunywa. Hakuondoka mbele sijanywa.

Na yale maziwa hayapikwi. Nataka muelewe kabisa. Kwa watu wa ng'ombe, mutu akipika maziwa ni kama anachoma kiwele chenyewe. Ng'ombe anakauka, au ndama anakufa tumboni. Mimi nilitoka kwa watu wa samaki, sikujua kitu. Nilifundishwa juma la kwanza kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Nilikunywa. Yalikuwa matamu, bado na joto ya mwili wa Kahembe. Nilinenepa. Papa alifurahi, akamwambia Petro, "Muke yako alikuja hapa kama fito, angalia sasa."

Mimba ya kwanza ilishika wakati wa kupanda maharagi. Kabla haijatimia miezi minne, homa ikaanza. Haikuwa homa ya kukuangusha. Ilikuja saa nane za muchana, kama mutu wa kazi, ikakaa, ikaondoka jioni na kuniacha nimelowa jasho mupaka mukeka. Jasho lile lilikuwa na harufu ya majani yaliyooza. Mugongo uliuma pale chini, na magoti, na vidole nikishika mwiko wa ugali. Siku tano, kisha hakuna kitu siku kumi, nasema nimepona. Kisha inarudi. Kila mutu alisema malaria, na mimi nilisema malaria, nikameza kinini.

Mimba ilitoka asubuhi moja nikichota maji. Nilidhani nimejimwagia ndoo.

Sitaandika zaidi pale. Walionipata kwenye bomba walinifunika na kikwembe na kunirudisha. Papa alikuja asubuhi iliyofuata na kibuyu kama kawaida, akaketi, akaangalia chini. "Kunywa, mwana wangu. Damu iliyotoka inarudishwa na maziwa." Nikanywa. Aliniletea mara mbili kwa siku juma lile, akashuka mulima mara mbili, kwa ajili yangu. Hiyo ndiyo inaniumiza mupaka leo nikikumbuka, ule wema wake.

Ya pili ilishika mwaka uliofuata, mvua zikianza. Ile ilifika mbali. Miezi sita, alikuwa anacheza. Nilikuwa nimeacha kubeba kuni na kamba ya kichwa, maana nilidhani ni muzigo ulioniharibia ya kwanza. Nilikuwa nimeacha kula pemba, ule udongo mweupe wanaouza sokoni. Nilikuwa nimeacha kasiksi, ile pombe ya ndizi, hata ya harusi. Mutu akisema kitu kinaharibu mimba, mimi nilikiacha. Shangazi wa Petro alikuja na bomba ya kutia dawa ya majani kwa nyuma, eti isafishe njia ya mutoto. Nilimwambia tumbo linauma, arudi kesho, na kila kesho lilikuwa linauma. Niliacha kila kitu isipokuwa kile kimoja. Homa ikaja saa nane yake. Nilikaa juu ya kitanda nikishika tumbo na mikono miwili, nikahesabu anavyocheza. Siku moja nilihesabu mupaka giza, sikupata hata kumi. Siku iliyofuata sikupata hata moja.

Alikuwa kijana. Petro alimufungia kisanduku cha ubao, msumari kwa msumari, hakuniruhusu kuangalia.

Baada ya ile, nyumba ilibadilika. Petro alirudi kwa kazi akala, akaenda kuketi kwa wenzake. Shangazi alisema mbele yangu, wala hakuteremusha sauti, "Mutu hapandi shamba moja mara tatu." Mimi mwenyewe nilianza kuogopa mwili wangu. Nilipoona mwanamuke mwenye tumbo nilivuka njia, nikidhani nitamwambukiza.

Jirani yangu alikuwa Mama Zainabu, Muislamu, bwana yake aliuza nguo, watu wao walitokea Uvira na mbele ya hapo pwani ya mbali. Watoto saba, wote na makelele. Alikuwa anakaa mbele ya mulango na sufuria ya chai ya maziwa, ikichemuka mupaka inapanda na yeye anaiteremusha na kijiko, inapanda tena. Siku moja aliona Papa akiondoka, akaniuliza kilichomo ndani ya kibuyu.

"Maziwa," nikasema.

"Mabichi?"

"Ya ng'ombe wetu."

"Mwenzangu, mabichi?" Akakunja pua. "Sisi hata mgeni tusiyempenda hatumpi."

Nilikasirika. Niliona ametukana nyumba yangu. Nilikaa majuma mawili simusalimii, na yeye aliendelea kunisalimia kwa sauti kubwa zaidi, kwa makusudi.

Ni mama yangu aliyetuma habari nirudi kwetu Katana nipumzike, maana kwetu ni karibu na hospitali ya misheni. Petro alinisindikiza mupaka kwenye kamyo. Sikujua kama ananisindikiza au ananirudisha, na sikumuuliza, maana jibu lingekuja.

Ile hospitali, chumba cha kungojea kilikuwa na benchi moja ndefu ya ubao, na ubao ule ulikuwa unang'aa kwa makalio ya wanawake. Tulikaa bega kwa bega. Upande wa kushoto wenye matumbo, upande wa kulia sisi wengine. Hakuna mutu aliyepanga hivyo. Ilijipanga yenyewe. Mulango ukifunguka wote tunanyamaza. Siku ya kwanza sikuitwa. Siku ya pili sikuitwa. Siku ya tatu mwanamuke wa pembeni yangu, mutu wa Luberizi, alinigawia muhogo wake akasema, "Kula, woga unakula na wewe." Tukacheka kidogo, na nikaitwa mudomo umejaa.

Ndani alikuwa masere, ndivyo tulivyowaita watawa, muzee, miwani yake imefungwa na uzi. Alisema Swahili kwa kukata kata.

"Homa iko kila siku?"

"Hapana. Inakuja, inaenda."

"Jasho?"

"Mingi."

Alibonyeza mugongo wangu pale chini nikaruka. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Nyumba yenu iko na ng'ombe?"

"Iko, masere."

"Maziwa, unapika?"

Ni kama angeniuliza kama ninapika mutoto.

"Ng'ombe ile ilizaa?"

"Ilitupa mimba."

"Mara ngapi?"

Kahembe alikuwa ametupa ndama mara mbili tangu niolewe. Ya pili Papa aliivuta yeye mwenyewe na mikono mitupu mupaka kwenye kiwiko, akalia mbele ya watu. "Mara mbili," nikasema.

"Na wewe?"

Niliangalia miguu yangu. "Mara mbili, masere."

Aliweka kalamu chini.

Walinitoa damu, ikapelekwa Bukavu na kamyo. Damu yangu ikanitangulia nyumbani. Majibu yalichukua majuma matatu. Majuma yale nilikuwa sili samaki wala maziwa wala chochote cha mama, naogopa kila sahani. Jibu lilipokuja masere alinieleza kwa vidole: ng'ombe mugonjwa, maziwa, mimi, mutoto. Kidole, kidole, kidole. Moto unaua ule ugonjwa, akasema. Moto tu, mupaka yapande. Na nisikubali mimba nyingine kabla dawa haijaisha na yeye hajasema. Na mutu yeyote mwenye mimba asiguse ng'ombe anayezaa wala kitu kilichotoka kwake. Na bwana yangu alete damu yake pia.

Petro alikuja siku ya Mungu. Nilimweleza nikiangalia ukuta. Nilidhani ataondoka. Alikaa, akatoa simenti iliyokauka ndani ya ukucha, akasema, "Basi si wewe."

"Si mimi."

"Na mimi homa zangu, nilidhani ni jua la kazini." Akanyoosha mukono kwa masere ili amutoboe. Naye alikuwa nao ule ugonjwa.

Tulirudi pamoja Kadutu, na dawa ilianza kwenye dispensari ya pale wakati wa jua, majani yakiwa ya njano mulimani. Vidonge asubuhi na jioni, na sindano kila siku isipokuwa siku ya Mungu, upande huu leo, upande ule kesho, mupaka sikujua nilalie wapi. Sindano zile ziliniachia mulio ndani ya sikio la kushoto. Hata sasa naandika unalia. Hatukulala kitanda kimoja mupaka mvua zikarudi. Petro aliweka mukeka wake karibu na mulango. Watu waliona mukeka ule wakasema yao. Shangazi alimuletea jina la musichana wa Walungu. Petro akamwambia, "Huyu niliye naye bado sijamaliza kumujua."

Lakini Papa. Nani atamwambia Papa? Petro alijaribu mara moja, kwa mbali. Alisema masere anasema ng'ombe wanaweza kuugua. Papa akasema masere anajua ng'ombe wa Ulaya. Petro akasema labda wewe mwenyewe papa uende hospitali, kwa zile homa zako za muchana. Papa akasema yeye haumwi, yeye ni muzee. Ikaishia pale. Na asubuhi fimbo iligonga ukuta mara mbili.

Sasa nitasema kitu nilichofanya na sijivuni nacho. Nilipokea kibuyu na mikono miwili, nikakiinamisha, nikajaza mudomo, sikumeza. Nikakaa hivyo. Muke wa kijana hasemi mbele ya baba mukwe asipoulizwa, kwa hiyo nilikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Papa alisema habari za mvua, za nyani waliokula mahindi, za mutu fulani aliyeanguka na pombe yake. Petro alijibu haraka haraka ili maneno yaishe. Mashavu yaliniuma. Papa akiondoka, nilikwenda nyuma ya nyumba nikatema yote, nikasukutua na maji ya moto na chumvi mara sita, mara saba. Yaliyobaki nilipelekea Mama Zainabu niyapike kwake, maana nyumba yangu ingenuka maziwa ya kupikwa na Papa ana pua.

"Umerudi, mwenye kiburi," akasema, akanisogezea jiwe la kuketi. Hakuniuliza zaidi. Alinionyesha namna ya kungoja mupaka yapande mara tatu.

Papa akaanza kunisifu kwa watu. Muke wa Petro, alisema, ana adabu za zamani, hasemi hata neno moja.

Masere alipotoa ruhusa, mimba ilishika upesi, na woga ukashika siku ile ile. Mukifikiri woga unaisha mukishajua sababu, hapana. Kwanza nilikuwa naogopa bila kujua nini; sasa nilijua, na kile kitu kilikuwa kinaletwa kwangu kila asubuhi na mutu anayenipenda, nami nakitia mudomoni. Nilimuambia masere kuhusu kushika mudomoni. Alivua miwani. "Hata tone, hapana," akasema. Nikamwambia ndiyo. Nikarudi, fimbo ikagonga, nikajaza mudomo. Sikujua namna nyingine. Kusema hapana kwa Papa ilikuwa kitu ambacho mwili wangu haukujifunza.

Maji ya kunywa nilipika. Mikono niliosha mupaka ngozi ikapasuka. Kila kamyo ya Katana ya mwanzo wa mwezi nilipanda, kwenye benchi nikaketi sasa upande wa kushoto, na sikuthubutu kuangalia wale wa kulia. Saa nane za muchana kila siku niliacha kazi, nikakaa kitandani kungoja homa. Haikuja. Saa kumi nilisimama. Siku hiyo imepita.

Mwezi wa saba, Papa alikuwa anaeleza habari za nyani, na mutoto akanipiga teke moja chini ya mbavu, kwa nguvu ambayo sikuijua. Nikameza.

Yote. Niliyasikia yakishuka. Papa akasema, "Naam, leo umekunywa vizuri."

Nilitapika nyuma ya nyumba na kidole, nikatapika mupaka nyongo. Kwa siku ishirini na moja sikulala sawasawa. Nilishika paji la uso wangu mara mia kwa siku. Petro alikuwa ananishika na yeye, kisha Mama Zainabu, mikono ya watu watatu. Siku ya tisa joto lilipanda na mimi nikajifunga nguo, nikamwambia Petro atafute ubao. Alinitazama namna ambayo sitaki kuiona tena. Joto lilishuka asubuhi, pua ikaanza kutoa kamasi. Ilikuwa mafua, muji muzima ulikuwa nayo. Nilikaa nikilia kwa sababu ya mafua.

Alizaliwa Katana, mvua kubwa, saa za misa. Musichana. Alitoka kimya, na ule ukimya ulikuwa murefu kuliko mimba yenyewe, kisha masere akampiga, na yeye akajibu. Tukamuita Nsimire, maana yake nimeshukuru. Walimutoa damu kidogo kisiginoni. Safi.

Tulirudi Kadutu. Siku ya nane, siku ya Mungu, Papa alikuja kumupokea mutoto wa nyumba. Alivaa koti. Alikuwa amekonda, nikaona, na alipoketi alishika mugongo. Ni desturi ya kwao: babu anachovya kidole kwenye maziwa ya ng'ombe wa mama, anamugusisha mutoto mudomoni mara tatu, na kutoka pale mutoto ni wa ng'ombe na ng'ombe ni wa mutoto.

"Leta mwana," akasema.

Nilimuleta. Alimushika vizuri, kichwa juu ya kiwiko. "Pua ya mama yangu," akasema. "Huyu atatugombeza." Mikono yake ilipogusa yangu ilikuwa ya moto. Ilikuwa saa nane.

Akafungua kibuyu, akachovya kidole.

Mukono wangu ulifika mbele ya akili. Niliuweka juu ya mudomo wa mutoto, na kidole cha Papa kikagusa ngozi yangu.

"Ni nini?"

"Papa, ngoja niyapike kwanza."

Aliinua kichwa, kama mutu aliyesikia kitu kutoka nyumba ya jirani. Kisha akamugeukia Petro. "Muke yako amesema nini?"

"Amesema atayapika," Petro akasema. "Tunapika, papa. Tangu mwaka jana. Ni mimi nilikubali."

"Kahembe alitupa tena mwaka jana," Papa akasema. "Mara ya tatu. Nilimulaumu jirani. Nilisema ni macho yake."

"Alitupa mara mbili mbele hatujapika," nikasema. Maneno yalikuwa yanatoka sasa, siwezi kuyashika kama maziwa. "Na mimi mara mbili. Na wewe papa, ile homa ya muchana, ule mugongo, ni ule ule wangu. Dawa iko. Kamyo inaondoka kesho, tunakupeleka, mimi mwenyewe nitakaa na wewe kwenye benchi."

"Mimi siko mugonjwa."

"Uko na moto, papa."

Hakutukana. Ningetaka atukane. Alinirudishia Nsimire polepole, akahakikisha nimeshika kichwa. Alipangusa kidole chake kwenye koti, akafunga kibuyu, akachukua fimbo. Petro alisimama akasema, "Papa, keti," na yeye akampita kama mutu anavyopita mulango. Nilimufuata na mutoto mupaka kwenye kona ya bomba. Alishika njia ya mulima. Pale inapoanza kupanda alisimama, akaweka mukono mugongoni, pale chini kabisa, akapumua, kisha akaendelea kupanda mupaka koti lake likapotea kati ya migomba, na hakurudi tena kwetu.